Mama Zimawasha: aliingia chumba cha kompyuta na fagio, akatoka fundi

Saa mbili na robo asubuhi, mwanamume mwenye tai anashuka ngazi za jengo la ofisi akiwa amekumbatia kasha la kompyuta lililofungwa kwa taulo la kuogea. Anakanyaga polepole, kama mtu aliyebeba mtoto mwenye homa. Anafika chini kabisa, pale ngazi zinapokunja kona na kuacha uwazi wa hatua tatu kwa mbili, analiweka kasha mezani na kusema imekufa.

Mwanamke aliyeketi nyuma ya meza haligusi. Anauliza kwanza.

"Ndani kuna nini?"

Kuna ripoti, anajibu mwanamume. Anatakiwa kuisoma mbele ya wakubwa wake saa nne.

"Una nakala mahali pengine?"

Hana.

"Umeizima ukaiwasha?"

Mara tano, anasema, na ya sita alimwomba mke wake aiwashe yeye, labda ana mkono wa heri. Mwanamke anacheka kidogo, anafungua taulo, anachomeka waya wa umeme na wa skrini iliyopo mezani, kisha anainama na kuweka sikio karibu na kasha. Kompyuta inapiga milio mitatu mirefu, inanyamaza, inapiga tena mitatu. Skrini ni nyeusi tii.

"Haijafa," anasema. "Maiti hailii."

Anaizima, anachomoa waya wa umeme, anagusa chuma cha kasha kwa kiganja, halafu anafungua skrubu mbili. Kutoka ndani anatoa kijiti chembamba chenye urefu wa kidole, kile ambacho kompyuta hutumia kukumbuka kazi iliyo nayo mkononi. Meno yake ya rangi ya dhahabu yamefifia. Anayasugua taratibu kwa kifutio cha penseli, anayapangusa kwa kitambaa kikavu, anakirudisha kijiti mahali pake na kukikandamiza mpaka kinalia "ta!"

Skrini inawaka. Zimepita dakika tisa. Mwenye tai anakaa kwenye ngazi, maana kiti hakuna. Kabla hajaondoka, mwanamke anamlazimisha kunakili ripoti yake kwenye flashi, palepale, mbele ya macho yake. Malipo aliyodai ni bei ya chai na maandazi mawili.

Jengo zima wanamwita Mama Zimawasha. Jina hilo alipewa na wateja, kwa sababu ya karatasi aliyoibandika ukutani kwa herufi kubwa: KABLA HUJASEMA IMEKUFA, UMEIZIMA UKAIWASHA? Ana umri wa miaka hamsini na mmoja, ni mama wa watoto watatu, na chini ya ngazi hizo amekaa miaka kumi na minne. Kushoto kwake yupo fundi viatu. Kulia kuna chumba cha fotokopi kinachoendeshwa na mwanamke mwenzake anayemwita shoga.

Kwa siku hupata wateja sita hadi tisa. Mwezi ukiwa mzuri, anasema, kipato chake ni kama mara mbili na nusu ya mshahara wake wa mwisho wa ajira. Mwezi ukiwa mbaya, shule zimefungwa na ofisi zimebana matumizi, hakifiki nusu ya mshahara huo. Lakini kila anapoeleza maisha yake, neno linalomtoka mara nyingi kuliko mengine ni "nashukuru". Na ukimuuliza anamshukuru nani hasa, hababaiki. Anamshukuru mwalimu mmoja aliyefunga mlango.

Habari yenyewe ilikuwa hivi.

Miaka ishirini iliyopita aliajiriwa kufagia katika shule ya sekondari. Alikuwa na elimu ya msingi tu, watoto wawili nyumbani na wa tatu akinyonya, na mume aliyekuwa akipaka rangi nyumba za watu, kazi ambayo leo ipo na kesho haipo. Shule ilikuwa na chumba cha kompyuta, na ndani yake mashine ishirini zilizotolewa msaada. Amri aliyopewa siku ya kwanza ilikuwa fupi: afagie sakafu, meza asiguse.

Hakugusa. Lakini macho hayana kufuli. Mwaka wa kwanza aliona wanafunzi wakikaa mmoja kwa kila mashine. Mwaka wa pili wakakaa wawili wawili. Mwaka wa tatu walikuwa wanabanana watatu, na mashine tisa zilikuwa zimefunikwa nguo kama vyombo vya msibani. Mwalimu wa kompyuta, dada mrefu aliyetoka chuoni si siku nyingi, alikuwa ameandika barua mpaka kalamu ikachoka. Jibu lilikuwa lilelile, fungu hakuna.

Wakati wa likizo, mfagiaji akaagizwa azibebe zile tisa azipeleke stoo. Alipoinua ya kwanza, ubavu wake uliokuwa umelegea ukadondoka. Ndani akaona vumbi limelala nene, la kijivu, limejisokota kwenye feni kama manyoya ya paka.

"Nilijisikia vibaya," anakumbuka. "Mimi ndiye mfagiaji wa chumba kile. Miaka mitatu nasifiwa sakafu inang'aa, kumbe uchafu wote nausukumia humo ndani kwa fagio langu mwenyewe."

Kesho yake alitoka nyumbani na brashi ndogo ya mumewe, ile ya kupakia rangi kwenye kingo za madirisha. Aliiosha kwa mafuta ya taa, akaiosha kwa sabuni, akaianika mpaka ikakauka kabisa. Akaisafisha mashine ile mapengo na pembe zake zote kama anavyosafisha masikio ya mtoto. Kisha akafanya jambo ambalo hakutumwa na mtu. Aliichomeka kwenye umeme.

Feni ikazunguka. Mashine ikawaka, na haikuzimika.

Mtu angedhani alirukaruka kwa furaha. La, alishikwa na woga. Mali ya shule alikuwa ameifungua, ameigusa, ameichomeka, na amri aliijua. Usiku kucha alijigeuza kitandani. Mumewe alimshauri anyamaze, airudishe stoo, liishe. Asubuhi akapiga moyo konde, akamfuata mwalimu wa kompyuta aliyekuwa amekuja kusahihisha mitihani, akamweleza kila kitu akiwa amesimama, fagio mkononi.

Mwalimu aliweka kalamu chini. Alikwenda mpaka mlangoni, akachungulia nje kulia na kushoto, akaufunga mlango kwa ndani.

"Nikajua ndiyo basi, naachishwa kazi kimyakimya," anasema. "Akanigeukia akaniambia, 'Dada, nionyeshe ulivyofanya.'"

Siku ile walisafisha nane zilizobaki, wawili hao, na mlango umefungwa. Tano ziliwaka. Kwa zile zilizogoma mwalimu alimwambia asijilaumu, ugonjwa wa vumbi ni mmoja tu kati ya mengi, na kama anataka kuyajua mengine, saa yake ya mapumziko ya mchana ipo wazi.

Aliitumia saa hiyo kwa miaka mitatu. Alijifunza kuhesabu milio ya kompyuta na maana zake. Alijifunza kwamba mashine inayojizima baada ya robo saa huwa imepata joto, na inayozimika ukigusa waya wake huwa na kidonda kwenye waya. Alijifunza kujiondolea umeme wa mwilini kwa kugusa chuma kabla ya kugusa kitu chochote cha ndani. Siku alizokosea, mwalimu alimwambia arudie. Siku alizopatia, mwalimu alimwambia arudie pia, ili ajue kama alipatia kwa akili au kwa bahati.

Baadaye shule ikawapa kazi ya usafi watu wa kampuni, na wafagiaji wote wa zamani wakaondolewa. Mwalimu naye alikuwa anahamia mji mwingine kufuata mume. Siku ya kuagana alimpa bisibisi zake, seti nzima, pamoja na maneno ambayo Mama Zimawasha anasema yalimfaa kuliko bisibisi.

"Aliniambia, 'Mtu akikuuliza cheti, mwambie mwalimu wako yupo, apigiwe simu.' Na kweli mwanzoni wateja walimpigia. Hakuwahi kuchoka kunisemea."

Mwanzo wa kazi ulikuwa mgumu. Mwenye jengo alimruhusu kuweka meza chini ya ngazi kwa kuwa mahali pale palikuwa pakihifadhiwa ndoo na madekio, hapakuwa na mpangaji wa kupagombania. Watu walipita wakadhani anauza karanga. Mteja wake wa kwanza alikuwa fundi viatu, jirani yake wa leo, ambaye redio yake ilikuwa imekufa. Hakuwa amejifunza redio, lakini aliifungua, akatoa vumbi, ikaimba.

Si kila kitu kiliimba. Kuna jambo ambalo halisimulii kwa kicheko, nalo ndilo lililozaa lile swali la "Ndani kuna nini?"

Mwaka wake wa pili alikuja mwanafunzi wa chuo kikuu, kompyuta yake imeshikwa na virusi, haifungui kitu. Fundi akafanya kama alivyozoea: akafuta kila kilichomo, akaweka programu upya, mashine ikawa nyepesi kama imetoka dukani. Kijana aliporudi jioni akaifungua, akatafuta, akatafuta tena. Akauliza tasnifu yake iko wapi. Alikuwa ameiandika kwa miezi kumi na minne.

"Hakunitukana. Laiti angenitukana," anasema Mama Zimawasha. "Alifunga kompyuta yake, akaniuliza bei, akalipa, akaondoka. Nilimkimbilia nimrudishie pesa yake, akakataa kuipokea. Sijamwona tena mpaka leo. Hilo silishukuru, siwezi kudanganya. Ila tangu siku ile sigusi mashine kabla sijajua imebeba nini."

Saa sita na nusu mchana, mumewe anaingia na chakula kwenye bakuli lenye kifuniko. Ni mwanamume mwembamba, mabaka ya rangi nyeupe yakiwa bado kwenye kucha zake. Anakaa kwenye ngazi na kumwangalia mkewe akila kwa mkono mmoja huku mkono mwingine umeshika tochi. Anamweleza mwandishi kwamba brashi ile ndogo haijarudi mpaka leo, na kwamba katika ndoa yao yeye ndiye aliyebaki na brashi kubwa na kazi ndogo. Mkewe anamwambia asubiri bakuli, aache maneno.

Mchana huo anakuja karani wa chama cha akiba na mikopo ambaye intaneti imemkatalia kurasa zote. Kila anachofungua kinamwonya kwamba si salama. Amekwisha badilisha kifurushi cha intaneti mara mbili. Mama Zimawasha anatupa jicho kwenye kona ya skrini na kumwomba asome tarehe. Karani anasoma, kisha anasoma tena. Kompyuta yake inaamini bado iko miaka kumi nyuma.

Tatizo ni betri bapa, ndogo kama sarafu, inayokaa ndani kutunza saa hata umeme ukikatika. Imeisha. Mashine isiyojua leo ni lini, anaeleza, huona vitambulisho vya kila tovuti kuwa vya uongo. Anabadilisha betri, anarekebisha tarehe, kurasa zinafunguka. Karani anashika kichwa akikumbuka vifurushi alivyonunua.

Shoga wa fotokopi anasema watu wengi huleta pale vitu visivyoumwa. Mmoja alileta kompyuta isiyotoa sauti, kumbe amebonyeza kitufe cha kunyamazisha. Mwingine alikuja na kibodi inayoandika namba badala ya herufi. Mama Zimawasha huwaonyesha kitufe chenyewe, hachukui kitu, na huwaambia wakaonyeshe wengine. Fundi viatu aliwahi kumuuliza atakula nini akiwafundisha watu wote siri zake. Alimjibu kwamba viatu navyo watu wanajua kuvaa, na bado vinachanika.

Wanaomwagia chai kwenye kompyuta mpakato huwapa ushauri mmoja, na hupenda uandikwe gazetini: zima papo hapo, chomoa chaja, igeuze kifudifudi kama hema ili maji yatoke yalikoingilia, na uilete. Usiiwashe kuona kama bado nzima. "Kinachoiua ni ule umbea wa kutaka kujua," anasema. Na kuifukia kwenye mchele hakusaidii kitu, anaongeza, zaidi ya kuingiza punje kwenye matundu.

Lakini kazi anayoiita ya maisha yake ilimjia mwaka juzi, siku ya Jumatatu, kwa mtu ambaye hakusema neno.

Alikuwa mwanamume wa makamo, shati limenyooka, kompyuta mpakato kifuani. Alitoa daftari, akaandika, akamgeuzia. Aliandika kwamba yeye ni kiziwi, ni mwalimu wa shule ya watoto viziwi, na kwamba mashine hii haifunguki tangu Ijumaa. Mafundi wawili walikuwa wameijaribu. Wa kwanza aliiwasha na kuizima siku nzima. Wa pili alitaka kufuta kila kitu.

Mama Zimawasha akachukua kalamu, akaandika swali lake.

Mwalimu akaandika jibu kwa muda mrefu. Ndani kulikuwa na picha elfu tatu mia moja na themanini. Kila picha ilikuwa ya ishara moja ya mkono, na chini yake neno. Alikuwa akizipiga kwa miaka kumi na moja, shuleni kwake na majumbani mwa viziwi wazee, ili watoto wake wapate kamusi. Baadhi ya wazee wale walikuwa wamekwisha kufa. Nakala nyingine hakuwa nayo.

Akaichomeka, akainamisha sikio. Aliisikia mara moja: tik, tik, tik, kama kucha inayogonga meza. Akaizima haraka. Ule ni mlio wa diski inayokufa, na diski haifi kwa siku moja. Huenda ilikuwa imelia hivyo kwa wiki kadhaa, juu ya meza ya darasa, katikati ya watu thelathini, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na sikio la kuisikia.

Alishika tena kalamu. Aliandika: "Ilikuwa inalia. Hukuweza kusikia. Si kosa lako."

Mwalimu aliisoma ile karatasi. Kisha akaweka kiganja chake juu ya kompyuta na kukiacha pale.

Fundi hakumdanganya. Alimwandikia kwamba kuna wataalamu wenye vyumba maalumu vya kufungulia diski, wapo mbali, na bei yao ni kubwa. Mwalimu aliitaja bei hiyo kwa mkuu wake wa shule siku hiyohiyo, akarudi na jibu: ingekula chakula cha bweni cha muhula mzima. Akaandika, "Jaribu wewe. Nimekubali lolote litakalotokea."

Jambo la kwanza alilofanya Mama Zimawasha ni kumpigia simu mwalimu wake wa zamani. Wakaongea kama madaktari wanaoongea juu ya mgonjwa mmoja. Diski itolewe, iunganishwe kwenye mashine nyingine. Kisichukuliwe chochote ila picha. Isikimbizwe, ikipata moto ipumzishwe. Na kila inapowaka, ahesabu kwamba huenda haitawaka tena.

Siku ya kwanza ilifanya kazi dakika ishirini, ikanyong'onyea. Akaizima, akaielekezea feni ya mezani, akasubiri saa nzima, akaiwasha tena. Akaenda hivyo siku nne. Wateja wengine aliwaelekeza kwa mafundi wa mtaa wa pili, na mumewe ndiye aliyebeba nyumba wiki ile kwa kupaka rangi uzio wa ghala. Shoga yake wa fotokopi aliwazuia watu wasikanyage ngazi kwa kishindo, mpaka wapangaji wa juu wakauliza kuna mgonjwa gani pale chini.

Siku ya tatu mchana, diski ilikataa kuzunguka kabisa. Zilikuwa zimeokolewa picha elfu mbili na mia moja tu. Mwalimu, aliyekuwa akija kila siku baada ya vipindi na kukaa kwenye ngazi, alisimama akaandika kwamba hata hizo ni nyingi, anashukuru, basi apumzike. Mama Zimawasha alimwandikia kwamba mgonjwa bado hajafunikwa shuka.

Aliiacha mpaka asubuhi. Aliifungia kwenye kitambaa, akaiweka mahali pakavu, hakuigusa. Saa mbili kamili akaiunganisha, akaiwasha, akasoma dua kimoyomoyo. Ikazunguka. Ikafanya kazi dakika arobaini mfululizo, kimya, bila kugonga hata mara moja, kama vile ugonjwa wote umeisha. Halafu ikatoa mlio mmoja mkali, ikasimama moja kwa moja.

Zilipatikana picha elfu mbili mia tisa na sitini na nane. Mia mbili na kumi na mbili zilipotea. Mwalimu alipoona hesabu hiyo kwenye skrini alitoka nje ya jengo, akazunguka kibarazani mara mbili, akarudi, akamshika fundi mikono yote miwili. Nakala zilitengenezwa siku ileile: moja ya shule, moja nyumbani kwa mkuu wa shule, ya tatu ikapandishwa mtandaoni. Zilizopotea zilipigwa upya muhula uliofuata. Wanafunzi wenyewe ndio walioonyesha ishara, na za wale wazee waliokufa zilionyeshwa na wajukuu zao waliozikumbuka.

Mwezi mmoja baadaye alialikwa shuleni. Alidhani anaitwa kutazama mashine, akabeba bisibisi. Akakuta watoto wamepanga viti duara. Mwalimu akamweleza kwa daftari kwamba kwa viziwi mtu hapewi jina la ishara hivihivi. Hupewa anayehesabiwa kuwa wa kwao, na huliona jina lake kwa mara ya kwanza mbele ya wote. Watoto walikuwa wamelijadili lake kwa wiki mbili.

Akainuka msichana wa darasa la sita. Akakunja kiganja nyuma ya sikio, akainama, akalaza kiganja kile juu ya meza, kama mtu anayesikiliza kilichomo ndani ya mbao. Darasa zima likarudia.

"Nililia, sikufichi," anasema Mama Zimawasha. "Watu wamenipa majina mengi kwa sababu ya mdomo wangu. Wale wamenipa jina kwa sababu ya sikio. Wao."

Tangu hapo, kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi huenda shuleni pale kukagua kompyuta kumi na moja. Halipwi, ila hula pamoja na watoto. Na kwa kuwa milio ya hatari haiwafai, amewafundisha njia nyingine: kiganja juu ya kasha. Mtetemo laini, wa sawasawa, ni afya. Mtetemo wa kurukaruka ni feni au diski. Joto lisilovumilika hadi hesabu ya kumi, zima. Harufu ya kuungua, chomoa na mwite mkubwa. Mwaka jana msichana yuleyule wa jina aligundua kwa kiganja diski iliyoanza kuharibika wakati yeye mwenyewe, fundi, aliisikiliza akaona haina neno. Wiki mbili baadaye ilikufa. Vyote vilivyokuwemo vilikuwa vimekwisha nakiliwa.

Hapo ndipo mwalimu wa viziwi alipompelekea ombi la shule: aanzishe darasa la ufundi wa kompyuta kwa wanafunzi wakubwa, ili wamalize wakiwa na kazi mikononi. Chumba kipo. Kinachokosekana ni karatasi. Kanuni zinadai mwalimu wa ufundi awe na cheti, na simu ya kumwita mwalimu wa zamani haitoshi kwa wakaguzi.

Kwa bahati, nusu ya safari hiyo alikuwa ameshaianza bila kujua inakokwenda. Miaka mitatu iliyopita, binti yake wa mwisho alipokuwa akijiandaa kwa mtihani wa sekondari, mama naye alijiandikisha kama mtahiniwa wa kujitegemea. Walisomea meza moja. Walifaulu wote. Binti alimpita kwa mbali katika hesabu, naye akampita binti katika Kiswahili, jambo ambalo hachoki kulikumbushia nyumbani.

Mwezi uliopita, akiwa na matokeo hayo mkononi, alikwenda kwenye usaili wa chuo cha ufundi. Waliomsaili walikuwa watatu. Mmoja alichukua bodi ya kompyuta mezani, akaielekeza kalamu kwenye vijisilinda vidogo, akamuuliza vinaitwaje.

"Nikamwambia, jina lake la kitabuni silijui, baba. Ila hivyo viwili vya pembeni vimevimba vichwa, na bodi hiyo uliyoishika haiwaki."

Walitazamana. Wakaipeleka kwenye meza ya majaribio. Haikuwaka. Ilikuwa imetumika kuwasaili watu tangu mwaka ulipoanza.

Masomo yanaanza Jumatatu, asubuhi tatu kwa wiki, kwa miaka miwili. Asubuhi hizo meza itashikwa na shoga wa fotokopi, ambaye amejifunza kwa kukaa karibu na anasema anamudu yote isipokuwa diski. Darasani Mama Zimawasha atakaa na vijana wa rika la binti yake. Binti huyo alimuuliza, nusu kwa utani, watamfundisha nini ambacho hajui.

"Nilimwambia watanifundisha majina," anasema. "Nimeishi na vitu hivi kama jirani wa miaka mingi ambaye hujui anaitwa nani. Unamjua tabia, unajua anachoumwa, lakini huwezi kumtambulisha kwa mgeni. Nami nina wageni wanaonisubiri."

Wageni hao, wanafunzi saba wa mwanzo, wamekwisha andikishwa. Anajifunza lugha yao jioni, kurasa mbili mbili za kamusi aliyoiokoa, na mpaka sasa anazo ishara kama mia tatu. Vifaa vingi vya kompyuta havina ishara bado. Mwalimu amemwambia hizo watazitunga pamoja darasani, kitu kimoja kimoja, kila anapokitaja na kuonyesha kazi yake, kisha zitapigwa picha na kuongezwa kwenye kamusi.

Anapanga kukifungua chumba cha ufundi pale shuleni mwezi wa kwanza baada ya kupata cheti. Ameshakifagia, anasema, na safari hii meza pia.

"Mungu akinipa uzima, siku hiyo nitasimama mbele yao na mashine moja iliyofunguliwa," anasema, huku akikunja taulo lililosahauliwa na mteja wa asubuhi. "Mimi ni mtu wa maneno mengi, waulize hapa jengoni. Lakini kipindi kizima, kengele hadi kengele, sitasema hata neno moja, na wataelewa kila kitu."